Mahali Utokako

Langoni, askari wa hifadhi anatusukumia daftari.
Jina. Namba ya gari. Idadi ya usiku.
Halafu ile safu nyembamba: mahali utokako.
Kalamu ameshika Mwaringa. Mimi natazama mivinje,
nahesabu hadi wa saba kutoka ukutani,
maana nyuma ya wa saba palikuwa na jiko la mama
na kisima cha maji ya chumvichumvi.
Ukuta wenyewe ni mpya. Juu yake
wamepanga chupa, zimevunjwa kwa makini.

Tunalala humu, ndani ya gari lililokuwa la mkate.
Mwaringa alilipaka kijani mara mbili kule Nakuru,
lakini jua la Malindi halifichwi kitu:
kufika saa nne maandishi ya zamani yamepenya,
LAINI KILA SIKU, ubavuni mwetu,
mimi na goti langu, yeye na mgongo wake.
Tumbili wamesoma. Wamekuja.
Wamechukua boflo zima na kifuniko cha sufuria.

Asubuhi tunafungua baisikeli, tunashika njia ya Gede.
Mwaringa ametangulia, kengele yake haikomi,
anaamkia mbuzi, bodaboda, nguzo za stima.
Mimi nakanyaga taratibu.
Barabara hii naijua kwa miguu, siijui kwa magurudumu:
msichana wa mtaa wetu hakupanda baisikeli,
alipandishwa,
upande, miguu pamoja,
kama gunia lenye adabu.

Gede nashuka kununua mahamri.
Muuzaji ananiuliza, kwa Kiswahili cha kumsaidia mgeni,
polepole, kila neno na kituo chake,
kama nitapenda na mbaazi.
Namjibu kwa Kigiriama cha bibi yangu.
Anacheka mpaka anaongeza andazi moja.
Lakini aliuliza.

Mida, kijana aitwaye Dzombo anatukodisha kayaki ya watu wawili.
Aliye nyuma anaongoza, atwambia, aliye mbele ni nguvu.
Mwaringa akakaa nyuma. Tukagonga mkoko.
Tukabadilishana. Tukagonga mwingine,
mdogo, wenye kusamehe.
“Kulia!”
“Kulia kwangu au kwako?”
Miaka thelathini na mitatu ya ndoa,
na kulia bado hatujakubaliana.

Kisha maji yakaanza kupwa bila kutuarifu.
Akaacha kasia, nami nikaacha,
mkondo ukatubeba
kama mtu abebavyo sinia ya chakula cha jirani.
Juu ya tope kaa walitoka mashimoni,
kila mmoja na gando lake moja kubwa,
wakitupungia au wakitufukuza, sijui.
Ndipo nikakiambia kisogo cha Mwaringa:
kile kiwanja, tuliuza haraka.
Hakugeuka.
Akachovya kasia, upande ule niliotaka.

Usiku mvua ya bara ilishuka na mto Sabaki.
Kulipokucha bahari ilikuwa rangi ya chai ya maziwa,
na wale vijana wa hema la jirani wakanuna,
walikuja kuona samaki.
Mimi nilikaa kwenye ngazi ya gari, kikombe mkononi,
nikatazama mashamba ya watu wa huko juu
yakipita mbele yangu, chembe kwa chembe.
Nayo yamekuja kupiga kambi, nikasema.
Mwaringa alikuwa uvunguni mwa gari akitafuta nati.

Langoni tunatakiwa saini ya kutoka.
Nalitafuta jina letu. Ile safu nyembamba Mwaringa aliiruka,
aliacha kistari,
kama mtu aliyeitwa jikoni katikati ya neno.
Kalamu imekwisha wino. Naandika hivyo hivyo, nakandamiza.
Askari anainua ukurasa kwenye mwanga,
anaupitishia kidole.
“Sioni kitu, mama.”

Papasa tena.